Mama amezima runinga kaka akiwa bado kaburini

Kaka yangu Idrisa ndiye sura mpya kwenye filamu ya kijasusi. Mhusika mkuu, jamani!

Leo mchana nusu ya mtaa wetu hapa Temeke ilijaa sebuleni kumwangalia, na yeye mwenyewe amekaa katikati yetu.

Kwenye runinga akaruka ukuta, tukapiga makofi. Akawaangusha wanaume watatu, mama akapiga kigelegele.

Halafu jasusi akajifanya amekufa, ili maadui wamwache.

Wakamvisha sanda. Wakambeba kwenye jeneza. Wakaanza kufukia.

Mama akainuka, akazima runinga.

"Idrisa, huu ni uchuro."

"Mama, natoka! Subiri kidogo tu, natoka!"

"Mie nimekuzaa mzima. Hiyo sanda nani kakuruhusu uivae?"

Jirani yetu Mama Zuhura akajaribu kutuliza: "Shoga, kazi ni kazi."

"Basi wamzike wa kwako."



Kesho Idrisa anatakiwa kusaini filamu ya pili. Mama kasema akisaini, radhi yake asahau. Kaka kanituma mie niliyesoma nikazungumze naye.

Nilijiandaa kabisa. Nikaingia jikoni niseme kwamba sanaa ni sanaa, kwamba hakuna aliyekufa.

Nikaishia kumsaidia kumenya vitunguu.

Maana pale walipokuwa wanafukia, kaka kakaa ubavuni kwangu anakula karanga, mie niliushika mkono wake kuhakikisha bado una joto.

Sasa nimwambie nini mama? Nyie mngemwambia nini?