Pale Nilipopaita Patupu

Siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ni ya kiangazi, nikiwa bado mke mgeni hapa Old Moshi. Majani ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha kihambani, kule kwenye migomba, basi mimi na mama mkwe tukashuka tambarare, chini ya mji, kukata nyasi. Kule ni mchanga na nyasi kavu. Mimi nilipaita patupu. Wiki moja kabla nilikuwa nimechoma kipande kizima ili nyasi zichipue mbichi, na siku hiyo nilikuja tena na kiberiti, nimekifunga kwenye pindo la khanga.

Kabla sijakiwasha, ndege mdogo wa rangi ya mchanga akatokea mbele yangu akiburuta bawa. Nikadhani ameumia. Nikatupa mundu nikamfukuza, na kila nilipomkaribia akasogea kidogo. Mwishowe akaruka, mzima kabisa. Nikarudi nikihema. Mama mkwe alikuwa amesimama palepale.

"Umetazama anakokwenda," akaniambia. "Alipotoka umepaona?"

Tukapiga magoti. Niliona mchanga tu. Yeye akapuliza taratibu, kama mtu anayeamsha kaa jivuni, na mayai mawili yakajitokeza. Ndege alikuwa ameyafukia mwenyewe. Nilikuwa nimekanyaga shubiri moja kando.

Nikaenda peke yangu pale nilipochoma, nikainama, nikatafuta. Nikakuta maganda meusi ya mayai, na kobe mdogo aliyeungua. Majuto ni mjukuu. Nilimkabidhi mama mkwe kile kiberiti, naye hakunigombeza.

Tangu hapo tulikata upande mmoja tukaacha mwingine, na tukawa wachunguzi: shimo hili la nani? Nani kalala hapa jana? Jina la yule ndege nilimwuliza mama mkwe, hakulijua. Nami silijui hadi leo, ila namtambua kwa mbio zake.

Sasa naona malori yanachota mchanga hukohuko, na viwanja vinapimwa. Mji lazima ukue, sikatai. Hata nyumba yangu imejengwa kwa mchanga wa kule. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwanangu, kabla hujapaita mahali patupu, patembee polepole, uulize nani anaishi. Usichome. Usikate nyasi zote. Na kijiji kikikaa kugawa ardhi, simama useme sehemu hii iachwe, hata ukichekwa.

Mungu akupe subira ya kutazama, akujalie wajukuu wenye maswali mengi, na nchi ya kuwajibu.