Gitaa la Genoveva Halitiwi Mafuta

Hapa Bunju, Marselino kawatengenezea magitaa karibu walokole wote, na mie jirani yake sijawahi kumwona kanisani zaidi ya siku tuliyomzika mkewe. Ni Mmakonde. Babu zake walichonga vinyago, yeye anachonga vyombo vya kumsifu Bwana.

"Kazi ni ile ile," huniambia, "ila kinyago hakirudi kulalamika."

Gitaa hurudi. Walokole wakishanunua hulipeleka madhabahuni, na mchungaji analimiminia mafuta ya upako tunduni. Mbao zinalewa, sauti inakufa. "Fundi, shetani kaliingilia!" Shetani wa alizeti. Marselino anafumua, anakausha, ananyamaza. Upako wa wenzake ndio mboga yake.

Gitaa moja tu halijaonja mafuta: la marehemu Genoveva, mkewe, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Linaning'inia sebuleni. Kwaya ikifanya mazoezi kanisani hapo nyuma, nyuzi zake huvuma zenyewe. Ni mtikisiko wa hewa tu, Marselino alinieleza vizuri sana, huku akizima redio asije akakosa kusikia.

Habari zikamfikia Mchungaji Fredrick. "Fundi, hapo una pepo. Jumamosi tunakuja kulitia upako."

Akikataa, kwaya zote zinamhama. Akikubali, anamzika mkewe mara ya pili.

Jumamosi wakakuta ukutani gitaa jingine, bovu, la mteja aliyehamia Wazo. La Genoveva tulikuwa tumelilaza uvunguni chumbani, juu ya kanga zake. Nilishika upande mmoja. Mungu ataniuliza mwenyewe.

Mchungaji akamimina chupa nzima. "Toka! Nasema toka!" Kwaya ikapokea kwa wimbo.

Chumbani kukaanza kuvuma.

Mchungaji akasita. "Nini hicho?"

Atuganile, kiongozi wa kwaya na shoga wa marehemu, akautazama mlango wa chumba, kisha akamtazama Marselino. Akapasua haleluya ya kung'oa bati. "Imbeni nyie! Mmefunga au mna njaa tu?" Wakaimba mpaka mchungaji akatoka, kashinda vita.

Atuganile akabaki nyuma, eti anafunga kiatu.

"Shemeji, mtoe huko mlikomficha. Vumbi litamharibu kifua."

Marselino akaingia chumbani, akapiga magoti, akaingiza mkono uvunguni. Kwaya ilishafika barabarani, kimya. Nyuzi bado zilikuwa zinavuma.

Atuganile akaimba taratibu, sauti ya pili tu. Ya kwanza akamwachia mwenyewe.