Miche ya Kwenda Muleba

Kicheko cha pili ndicho ninachokisikia hadi leo. Cha kwanza kilikuwa chembamba, cha walimu wachache na vijana wa nyuma waliomwelewa mtaalamu kwa Kiswahili. Kisha mimi nikausema utani ule kwa Kihaya, kwa namna yangu, na darasa zima likapasuka, bati likaitikia, bibi mmoja wa mstari wa mbele akapigapiga dawati kwa kiganja. Alikuwa bibi yangu mwenyewe.

Mimi nashona sare za shule kibarazani mwa duka moja, Rwamishenye. Nimesoma hadi kidato cha nne, na matokeo yake tusiyazungumze. Lakini tangu utotoni nimetamani kuwa mtu wa kuwaelezea watu mambo: kwa nini radi inapiga, kwa nini maji ya ziwa yana rangi mbili. Kwa hiyo Alhamisi ile, dada mtaalamu wa migomba alipokuja kijijini kwetu upande wa Rubafu kutoa somo la ugonjwa wa mnyauko, na mwalimu aliyepangwa kuwatafsiria wazee akawa ana homa, mimi niliyekuja kumsalimia bibi tu nilinyoosha mkono kabla sijafikiri.

Na niliweza! Nasema bila aibu. Dada aliposema bakteria, mimi nilisema wageni wasioonekana, wanaoingia shambani bila kupiga hodi. Aliposema kwa utani kuwa panga la kuazima ni kama mlevi, lipitishwe kwenye moto kabla halijagusa mgomba mwingine, nikasema panga la kuazima ni sawa na shemeji mlevi, usimwachie azunguke nyumba kwa nyumba kabla hajanawa. Hapo ndipo bati lilipoitikia.

Kisha dada akasema, taratibu, ili niipate yote: "Kama shambani kwako kuna hata mgomba mmoja unaoumwa, usimpe mtu yeyote mche kutoka shamba hilo. Hata ule unaoonekana mzima. Ugonjwa unaweza kuwa umo ndani, bado haujajionyesha."

Nikageuka kwa watu wangu, na wa kwanza kumwona alikuwa bibi. Alikuwa ameacha kucheka. Kiswahili anakielewa nusu, na nusu ile ilikuwa imeshamfikia. Kwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, migomba miwili ilikuwa imeanza kugeuka njano. Na nyuma ya jiko kulikuwa na miche aliyokwisha kuing'oa kwa ajili ya dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa amemaliza kujenga na mumewe kule Muleba. Kwetu mtoto akijenga, nyumbani humpa miche, ndizi zilizomlea zimfuate. Bibi aliichagua mwenyewe, ya kupika na ya kuchoma, akaifunga mizizi kwa majani makavu.

Nikasema kwa Kihaya: "Msitoe mche wa mgomba unaoumwa. Angalieni vizuri, toeni mzima."

Basi. Mtaalamu akaniitikia kwa kichwa kwa furaha, kwa kuwa Kihaya hakijui. Watu wakaitikia. Bibi akatabasamu tena.

Tukirudi nyumbani bibi alisema, "Mtaalamu wenu ana akili. Nilidhani atanikataza." Mimi nilikuwa natazama ndala zangu.

Asubuhi nikamkuta anamwambia mwenye bodaboda saa ya kuja kuchukua mzigo. Nilimvuta pembeni.

"Bibi, usiipeleke."

"Umeona ina nini?"

"Haina kitu. Alisema hata isiyo na kitu isitolewe. Mimi ndiye niliyegeuza."

Alinitazama kama anavyotazama maziwa yaliyofurika motoni. "Uligeuza kwa nini?"

"Niliuona uso wako."

"Mwana wange," alisema, "nimezika mume, nimezika watoto wawili. Unadhani nitauawa na habari ya mgomba? Nilikwenda kule kujifunza. Kama nilitaka kubembelezwa ningekaa nyumbani."

Nililia kidogo. Hakunikataza wala hakunifuta. Aliniamuru nimpigie dada yangu, akaishika simu mbali na sikio kama kawaida yake.

"Nyumba yako itasubiri migomba. Huku tunaumwa."

"Mnaumwa nini, bibi?"

Nikaeleza mwenyewe, yote. Dada yangu akacheka. "Bibi, mwambie huyo mkalimani wako siku nikiugua asinisindikize hospitali!"

Bibi akairudisha simu, akachukua panga, akaikatakata miche ile yeye mwenyewe. Alipomaliza alilifuta panga kwa majani. Aliuliza tu, "Na wale wengine uliowadanganya?"

Nilimpigia mtaalamu pia. Hakunigombeza. Aliniuliza ile sentensi inasemwaje kwa Kihaya sahihi, nikamfundisha, akairudia vibaya mpaka tukacheka wote wawili.

Jumapili, wakati wa matangazo ya Misa, nikasimama mbele nikaisema kama ilivyo. Jirani yetu mmoja akapaza sauti: "Mkalimani! Tushike lipi, la Alhamisi au la leo?"

"La leo, mzee wangu. La Alhamisi nililitunga mimi, la leo ni la mtaalamu."

Nilitoka nje kichwa juu. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka: darasani siku ile nusu yao walikuwa Walutheri, na Walutheri hawakuwa hapa. Sikumwambia mtu. Nikaanza na nyumba ya bondeni, nikapanda, nikaomba radhi mlango kwa mlango. Wengi walinipa kahawa ya kutafuna na utani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee wa usharika. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi mara tatu, hakuna aliyejibu. Ukutani palikuwa na furushi la miche, mizizi bado ina udongo mbichi, limefungwa tayari kwa safari.

Nikalisogeza karibu na miguu yangu, nikakaa kwenye benchi lake kumsubiri.