Tulipoenda Kuposa Kabazi

Hapa Nakuru mtu akikuambia yuko njiani, jua anatafuta soksi. Akisema amefika, hapo ndipo ametoka nyumbani. Hakuna anayeudhika, kwa sababu anayemngoja naye hajafika. Mwaka juzi niliamua kuacha uongo huu mdogo. Si kwamba nilikuwa nimeokoka upya. Nilikuwa tu nimechoka kukumbuka nilimwambia nani niko wapi. Marafiki walipungua kidogo, nikaanza kulala vizuri.

Halafu ndugu yangu mdogo akapata mchumba Kabazi, na ukoo ukajipanga kwenda kumposa. Tulitarajiwa kule saa nne asubuhi. Saa nne ilipofika, mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwa bado kwa kinyozi. Baba wa msichana akanipigia simu.

"Mmefika wapi?"

Shangazi alikuwa kando yangu na kofia yake ya harusi. "Sema Bahati!" akaninong'oneza. "Sema tumeshapita Bahati!"

"Hatujatoka, mzee," nikasema. "Mjomba ananyolewa."

Mzee akasema ni sawa, basi atamalizia kulisha ng'ombe. Shangazi hakunisemesha mpaka Kabazi.

Tulifika mchana. Tukaombewa, tukapewa chai, na mjomba akasimama, kichwa kinang'aa. Akamsifu ndugu yangu: mchapa kazi, mcha Mungu, pombe haijui hata kwa harufu. Ndugu yangu alikuwa pembeni akitazama viatu vyake. Kwa mila yetu, anayeposa hafungui mdomo siku hiyo. Anasemewa na wengine, kama ng'ombe mnadani.

Baba wa msichana alimsikiliza mjomba mpaka akamaliza. Halafu akatutazama sisi wengine.

"Nani alishika simu asubuhi?"

Nikainua mkono.

"Basi niambie wewe, mama. Huyu kijana anakunywa?"

Mjomba akakohoa. Shangazi akanikanyaga. Ndugu yangu alimpenda yule msichana mpaka chakula kikawa hakipiti, na nilijua jibu langu lingeweza kuturudisha sote Nakuru bila mchumba. Niliogopa. Nilitamani sana kuwa mwongo tena, hata kwa dakika moja tu.

"Alikuwa anakunywa, mzee. Tena vibaya. Ameacha tangu Pasaka."

"Na ataanza tena?"

"Sijui."

Hakuna aliyegusa kikombe. Mjomba alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza, nami nikaona nimemharibia ndugu yangu maisha kwa ajili ya kulala vizuri. Ndipo nikasikia kiti kikisogea pembeni. Ndugu yangu alikuwa amesimama.

"Hata mimi sijui, baba," akasema. "Kila asubuhi naanza upya."

Mjomba akafunika uso kwa mikono. Mimi nikalia, na si kawaida yangu kulia. Nilikuwa nimemlea yule kijana na kumfunikia mengi, na sikuwahi kumwona akiwa mzima namna ile.

Baba wa msichana alimtazama, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Njoo ukae hapa karibu na mimi," akamwambia. Kisha akamgeukia msemaji wetu. "Na wewe mjomba, kunywa chai."