Weupe Juu ya Ngozi za Kondoo

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha ngozi, Changamwe, nilitapika. Harufu ile, jamani! Mkuu wa maabara akanicheka: "Utazoea, Kadzo." Na kweli, mwezi haukuisha kabla sijazoea.

Kazi yangu ilikuwa kupima mafuta. Ninyi vijana mkiona nywele, manyoya na ngozi mnadhani ni vitu vikavu. Wapi! Vyote vina asidi za mafuta. Bata haloi kwa sababu ya mafuta anayojipaka kwa mdomo, na kondoo, lo, huyo ni mafuta matupu! Ngozi yake huoshwa kwanza mafuta yatoke. Mimi nilikata kipande, nikakiloweka kwenye dawa ya kuyeyusha mafuta, nikapima yaliyosalia, nikatia sahihi.

Julai moja, baridi ya kusi imepamba moto, ngozi zilizokwisha kutengenezwa zikaota weupe. Meneja akafoka: "Ukungu huu! Katana hakuzikausha. Leo aende kwao!"

Mzee Katana, fundi wa kukausha, akaanza kuvua aproni yake. Alikuwa na watoto watano shuleni.

Nikautazama weupe ule kwa makini. Asubuhi hiyo hiyo, nyumbani Mtongwe, nilikuwa nimehangaika na chupa ya mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi. Weupe ni ule ule! Nikakimbilia pasi ya kunyooshea ngozi, nikaipitisha ikiwa moto juu ya weupe ule. Ukungu hauyeyuki, wanangu. Ule uliyeyuka, ukanywea ndani, ukatoweka! Nikaruka kama mtoto.

"Ni mafuta, Meneja! Si ukungu! Mzee hana kosa!"

"Vyema," akajibu taratibu. "Na nani alitia sahihi kwamba mafuta yametoka?"

Mimi. Siku zote nilikata kipande cha mgongoni, kwa kuwa ndiko kwepesi kukata, na kondoo wetu mafuta yake yamejaa karibu na mkia.

"Ni mimi, bwana."

Mzee Katana akaninong'oneza, "Mwanangu, ulijua atakuuliza hivyo?"

"Sikujua, baba. Furaha ilinizidi."

Nikatolewa maabara miezi mitatu, nikaanika ngozi chini ya mkono wa Mzee Katana. Alinifundisha kazi yake yote, na kila adhuhuri tulikula pamoja.

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara hunipigia simu: "Shikamoo mama, tukate wapi?"

"Marahaba. Mkiani, wanangu, mkiani! Na mkikosea semeni hima, kabla mwenzenu hajafukuzwa kwa ajili yenu."