Mwakio na Keki ya Landhi ya Reli

Jamani, kama hamjawahi kuona mwanaume mwenye bahati, niangalieni mimi. Mimi ndiye niliyebeba jiko la moto kwa mikono hii ili binti yangu ampikie mamake keki, na mke wangu akaniita shujaa mbele ya landhi nzima, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi!

Leo asubuhi nilikuwa natafuta maneno ya kumringia Mwakio na hadithi hiyo tena. Simu ikaingia kutoka Mbololo. Mwakio ametuacha.

Nimebaki na simu sikioni kama mjinga. Mwakio? Huyu huyu? Jana si alinitumia picha ya mbuzi wake!

Nyinyi vijana mnamjua kama yule mzee wa kofia kanisani tu. Hamjui kitu.

Miaka ya sabini tulikuwa wote reli. Yeye akichochea moto wa injini ya moshi, mimi nikiunganisha mabehewa. Milango yetu ilitazamana. Mkewe alifundisha huko Sagalla, akishuka Ijumaa, kwa hivyo siku zingine Mwakio na wavulana wake wawili walijipikia. Na si ugali peke yake. KEKI!

Mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu ya mchanga, kifuniko, halafu makaa juu ya kifuniko. Aliusoma ule moto kama yuko kazini. "Punguza chini, ongeza juu! Mkiunguza hii hakuna overtime!" Wavulana wanacheka, unga mpaka kwenye kope.

Wanaume walimchokoza. "Mama Mwakio, leo umetuandalia nini?"

Naye anajibu, "Njoo na kikombe chako cha chai, mume wangu."

Walitukana, wakacheka, na vikombe wakaleta. Wallahi walileta!

Shida moja tu. Reli ilipita nyuma ya nyumba zetu. Treni ikipita sakafu inatetemeka, na keki ambayo haijaiva inabonyea katikati. Nimetembea mimi, nimefika Kampala, nimefika Dar, lakini sijaona mpishi mwingine anayeuliza ratiba ya treni kabla ya kuvunja yai.

Sasa sikilizeni.

Mke wangu alikuwa kwao Taveta, amejifungua mvulana, anarudi na treni ya jioni. Binti yangu Wakesho alikuwa na miaka saba. Siku hiyo aliniuliza, "Baba, Mama akiwa na mtoto mpya, bado atanitaka mimi?"

Nikacheka, nikaona hacheki. Akasema, "Nataka akute keki. Ajue nilimngoja."

Nikamwambia, "Utapata keki kubwa kuliko stesheni!" Mimi, ambaye hata chai nilikuwa naunguza. Nikamvukisha kwa Mwakio.

Mwakio akaniuliza, "Kuna treni ya mzigo inapita kabla ya saa tisa?"

"Hakuna."

"Umeangalia?"

"Bwana, mimi nafanya kazi pale! Unaniuliza mimi?"

Sikuwa nimeangalia. Keki iko katikati ya kuiva, mzigo kutoka Mombasa ukapita, trrrrr, mpaka vikombe vikacheza. Tukafunua. Keki imelala kama sahani.

Wakesho alilia mpaka kwikwi. Mwakio hakunigombeza. Alikung'uta mkebe wa unga, kikatoka kikombe kimoja. Mayai yalibaki mawili.

"Wakesho, futa machozi, koroga. Huyu baba yako tutamhukumu baadaye."

Lakini hesabu ilikataa. Kabla ya hiyo ya pili kuiva, treni ya mamake mwenyewe ingepita hapo nyuma.

Mwakio akakuna kichwa. "Basi tutalibeba."

"Tutabeba nini?"

"Jiko. Sakafu itetemeke peke yake."

Nikajua amerukwa na akili! Firimbi ikalia kule kwenye kona. Akalowesha gunia, akalizungusha kwenye vishikio vya jiko. "We bwana, shika huku!" Jiko likapanda juu, moto, mchanga, keki na kila kitu! Wavulana wanapiga kelele, Wakesho anahesabu mabehewa kwa sauti ya kengele. "Matatu! Manne! Bado, Anko, bado! Yameisha!"

Likashushwa polepole, kama mtu analaza mtoto. Tukangoja. Kifuniko kikafunguliwa.

IMEPANDA! Imepanda kama mlima, ina mpasuko juu, harufu mpaka stesheni!

Mke wangu alikula amesimama, vumbi la safari bado usoni. Halafu akaketi, akamweka mtoto paja hili na Wakesho paja lile. "Wewe ndiye uliyenipikia?" Wakesho alijificha kwenye shingo ya mamake, na usiku huo alilala fofofo. Ndipo mimi nikaitwa shujaa.

Mwakio, ndugu yangu, safari njema. Ulitulelea watoto na hukutuma bili. Lala, mwenzangu, lala kwa raha zako.

Jumamosi mazishini watanipa maikrofoni mbele ya wanao, na najua mdomo wangu. Kwa hivyo wacha niseme hapa kabla sijaogopa.

Sikushika lile jiko. Wale wanaume walikuwa wamejaa uani wanacheka, nikaona aibu, nikarudi nyuma mpaka nje ya mlango. Ulishika pande zote mbili peke yako ukaungua viganja, na mke wangu alipoanza kunisifu ukaweka mikono mfukoni, ukanyamaza. Mimi sikubeba chochote.