Kiganja Kifuani

Jina lake halisi tulishalisahau. Kila mtu alimwita Mama Kiganja, kwa sababu hakuamini mashine mpaka amwekee mgonjwa kiganja kifuani. Ndiye aliyekuwa sista mkuu wa wodi ya mahututi. Mfupi, mkali kama pilipili, na alipenda kusonya.

Ugonjwa ulipoingia, manesi tulichotwa kila wodi tukapelekwa kwake. Mimi nilitoka wodi ya wazazi. Kwetu mtoto akilia tunamshukuru Mungu. Kwake, chochote kikilia, ujue kuna mtu anakata roho. Siku ya kwanza nilimchukia, sifichi. Alinifumbisha macho, akaukamata mkono wangu, akaubandika kwenye kifua cha mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa, mrija wa hewa mdomoni.

"Haya, mwanangu, niambie."

"Kinapanda, mama."

"Pande zote mbili?"

Sikujua. Akasonya mbele ya wenzangu wote.

"Mashine itakwambia kuna shida, haitakwambia iko wapi. Na daktari ni mmoja, wodi tatu. Mpaka avae yale magwanda ya kujikinga, mtu wako kashaenda. Ukishajua, fanya. Usiningoje hata mimi."

Basi nikajifunza, kwa hasira tele. Vitanda vikajaa mpaka mlangoni. Wenzetu wakaanza kupungua: leo huyu ana homa, kesho yule hapokei simu. Tuliacha kuulizana. Mchana mmoja tukivua magwanda, Mama Kiganja alikaa kwenye benchi akashindwa kufungua kamba za viatu. Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. Alikuwa amefumba macho, kiganja kipo kifuani mwake mwenyewe. Nilitamani nisingeelewa.

"Utanishika wewe," aliniambia kabla hajalazwa usingizi, kitanda cha dirishani. "Sio hawa wanaotetemeka."

"Hata mimi natetemeka, mama."

"Najua. Ila wewe unatetemeka huku mikono inafanya kazi."

Asubuhi moja tulimgeuza ubavu, mashine yake ikaanza kulia. Msichana aliyeletwa juzi kutoka wodi ya macho akakimbilia simu kumwita daktari. Nikaweka kiganja. Upande wa kulia ulipanda. Kushoto, kimya. Mrija ulikuwa umeteleza ukazama ndani mno, unalisha pafu moja. Kuuvuta ilikuwa kazi ya daktari, na nikiuvuta kupita kiasi ningekuwa nimemuua kwa mkono wangu. Midomo yake ilishaanza kubadilika rangi. Nikalegeza vinavyoushikilia, nikavuta kidogo, kidogo tena, mkono wa pili haubanduki kifuani. Kushoto kukapanda.

Daktari aliingia anahema ndani ya barakoa. Akampima, akautazama mrija, akanigeukia.

"Nani kakuruhusu?"

Kwa kidevu nikamwonyesha aliyelala. "Huyo."

Alihakikisha mrija umekaa, akaondoka, maana wodi ya pili walikuwa wanamwita.

Hajafika mbali, ikalia mashine ya kitanda cha mlangoni. Msichana wa wodi ya macho akainua simu tena. Nikamnyang'anya, nikamvuta mpaka kwa mgonjwa, nikaubandika mkono wake kifuani.

"Haya, mwanangu, niambie."

Nyuma yangu, dirishani, mashine ya Mama Kiganja ikaanza tena. Msichana alinitazama, macho yamejaa machozi, akataka niende dirishani.

"Pande zote mbili?" nikamuuliza.

Sikugeuka mpaka aliponijibu.